Siku 30 Hazitoshi: Kupima Upya Tiba ya Aota ya Kifua kwa Stenti

Kila inapotetewa tiba ya aota ya kifua (ateri kuu itokayo moyoni) kwa stenti (mrija unaoshikilia ateri kutoka ndani), takwimu inayotangulizwa ni ya vifo vya siku 30 za mwanzo, nayo ni takwimu ya kweli. Katika utafiti wa Marekani uliotangulia kuidhinishwa kwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo nchini humo mwaka 2005, wagonjwa 140 wenye aneurizimu, yaani aota iliyotanuka hadi kuhatarisha kupasuka, waliwekewa stenti yenye kitambaa iliyopitishwa kwenye mshipa wa kinena. Walilinganishwa na 94 waliopasuliwa kifua. Vifo vya mapema vilikuwa asilimia 2.1 kwa waliowekewa stenti na 11.7 kwa waliopasuliwa. Waliopooza miguu, kwa kiasi au kabisa, walikuwa asilimia 3 dhidi ya 14. Hata hivyo, miaka mitano baadaye waliokuwa hai walikuwa asilimia 68 upande mmoja na 67 upande wa pili. Vifo vilivyosababishwa na aneurizimu yenyewe vilibaki vichache kwa wenye stenti, asilimia 2.8 dhidi ya 11.7, lakini maradhi mengine yalikuwa yamekwisha kuisawazisha hesabu. Ninachodai hapa ni kwamba tiba hii haiwezi kuhukumiwa kwa mwezi wa kwanza, kwa kuwa ugonjwa inaoutibu ni wa maisha yote.

Kumbukumbu za Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 2011, zinatia uzito dai hilo. Kwa aneurizimu ambazo hazijapasuka, walioishi miaka mitano walikuwa asilimia 72 baada ya upasuaji wa wazi na 62 baada ya stenti. Mtetezi wa stenti atajibu, na kwa haki, kwamba waliopewa stenti walikuwa dhaifu zaidi tangu mwanzo. Lakini jibu hilo linazaa swali zito kuliko lile lililojibiwa. Aneurizimu isiyopasuka hutibiwa ili kuzuia kifo cha siku za mbele. Ikiwa moyo, mapafu au figo za mgonjwa hazimpi miaka hiyo, tunamkinga na nini? Wepesi wa utaratibu haupaswi kugeuzwa kuwa sababu ya kuufanya.

Isidhaniwe kwamba muda daima huishitaki stenti. Pale ukuta wa aota unapochanika chini ya tao lake bila matatizo ya dharura, ushahidi umeelekea upande mwingine. Jaribio la Ulaya liitwalo INSTEAD liliwagawa kwa nasibu wagonjwa 140 kati ya dawa peke yake na dawa pamoja na stenti. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai walikuwa asilimia 95.6 kwa dawa na 88.9 kwa stenti, na wengi wangeweza kufunga mjadala hapo. Ufuatiliaji wa miaka mitano ukaonyesha vifo vinavyotokana na aota kuwa asilimia 6.9 kwa stenti na 19.3 kwa dawa. Idadi ni ndogo, na tofauti ya vifo vya sababu zote haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu; kwa hiyo sisemi kila mchaniko uwekewe stenti. Nasema tu kwamba aliyesoma matokeo ya mapema pekee angekosea, safari hii kwa kuikataa.

Hatari zenyewe zina ratiba zake. Kiharusi hutokea mara nyingi waya na mirija inapopita kwenye tao la aota lenye mafuta yaliyoganda. Kupooza hutokana na kuzibwa kwa ateri ndogo zinazolisha uti wa mgongo, hasa stenti inapokuwa ndefu au inapofunika ateri ya chini ya mtulinga wa kushoto. Baadaye huja mvujo wa damu kuzunguka stenti na kutanuka kwa sehemu iliyoishikilia, jambo linaloifanya stenti kuwa chaguo dhaifu kwa wenye ugonjwa wa Marfan, unaodhoofisha ukuta wa aota tangu kuzaliwa. Ni kweli kwamba aota ikipasuka, au ikijeruhiwa ajalini, mizani hubadilika: katika kumbukumbu zile zile za Medicare, vifo vya mapema baada ya kupasuka vilikuwa asilimia 28 kwa stenti na 46 kwa upasuaji. Hapo kuokoka leo ndilo jambo la kwanza.

Kwa asiye katika dharura, basi, swali la kwanza ni nani atamfuatilia. Anahitaji CT ya kifua baada ya mwezi mmoja, tena ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka, pamoja na dawa za shinikizo la damu zisizokatika. Itasemwa kwamba Afrika Mashariki mabingwa wa kupasua kifua ni wachache, hivyo stenti ni afadhali. Huenda, lakini mgonjwa anayerudi kijijini mbali na mashine ya CT hubeba kifaa ambacho hakuna anayekiangalia. Mpango wa ufuatiliaji na anayeulipia ujulikane kabla ya stenti kuagizwa, na hospitali zitakazotangaza matokeo ya siku 30 zitangaze pia ya miaka mitano.