Mafundi wa Ng'ambo: Tarehe ya Ulinzi wa Simu na Kompyuta Kuukuu Mombasa

Atakaye kuijua tarehe ya simu ya mkononi katika Mombasa, asiishie kwenye maduka makubwa ya kisiwani, bali na avuke kwa feri hadi Likoni, au apite daraja la Nyali aelekee Kongowea na Kisauni, au ashike njia ya Makupa hadi Changamwe, akavitazame vibanda vya mafundi kandokando ya vituo vya matatu. Kwani ni hapo ambapo watu wa kipato haba walijifundisha kukitunza chombo ambacho si rahisi kukinunua mara mbili.

Shirika la posta na simu lilipogawanywa mwaka 1999, simu ilikuwa bado ni kitu cha ofisi na cha kibanda cha barabarani. Lakini kampuni za simu za Kencell na Safaricom zilipoanza biashara mwaka 2000, haukupita muda mrefu ila simu ilikwisha kuingia mfukoni mwa bawabu, mchuuzi na kuli wa bandarini. Siku hizo adui alikuwa maji na chumvi ya hewa ya bahari. Fundi huitoa betri, akafungua parafujo ndogo ndogo, akaisugua bodi kwa mswaki uliochovywa katika spiriti mpaka kutu ya kijani ibanduke, akaiacha ikauke kabisa, ndipo akalehemu palipokatika. Hata leo mwenye simu iliyorowa hufanya vyema kuizima papo hapo wala asithubutu kuichaji kabla haijafunguliwa.

Ilipofika Machi 2007, M-Pesa, huduma ya kuweka na kutuma fedha kwa simu, ilipoanzishwa, dhima ya fundi ikageuka, maadam simu sasa ilikuwa ndiyo hazina ya mwenyewe, na aliyeiacha kibandani aliacha pamoja nayo mlango wa akiba yake. Hapo ndipo ilipopata nguvu ada ambayo mafundi waaminifu wanaishika mpaka leo: kabla ya kuipokea simu, humwambia mteja, "Toa laini yako kwanza, na kadi ya kumbukumbu, uende nazo." Na namba ya siri haitajwi kwa fundi, wala kwa wakala, wala kwa apigaye simu akijidai kuwa ni mtumishi wa kampuni.

Usiku wa 30 Septemba 2012 tume ya mawasiliano ikaamuru simu bandia zikatwe, na takriban milioni 1.9 zikanyamaza nchini kote. Hasara ilikuwa kubwa kwa wanyonge, ila ilizidisha hadhari: mnunuzi wa simu iliyokwisha kutumika akazoea kubonyeza *#06#, akazisoma tarakimu 15 za utambulisho, akazituma kwa namba 1555 ili ajue kama si bandia, kabla ya kutoa fedha yake.

Kompyuta nazo zina mkasa wake. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, vyumba vya intaneti viliongezeka, vingi vikitumia mashine za mitumba zenye Windows XP, na virusi vikasafiri kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine. Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft ikaacha kuitengenezea XP masahihisho ya usalama; na Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ikazifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, ikidai fidia, hasa zile zilizokosa sahihisho lililokwisha kutolewa tangu Machi. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo suala hili bado limo mezani mwetu.

Ibra ya tarehe hii ni kwamba ukuukuu wa chombo si udhuru wa kukiacha wazi. Ikiwa simu au kompyuta ingali inapokea masahihisho, na itiwe masahihisho hayo mara yanapofika; ikiwa haipokei tena, fedha na nywila zisikae ndani yake, bali ibakizwe kwa kusoma na kuandika, au kompyuta itiwe mfumo wa Linux, unaozifaa mashine dhaifu; na kila lililo azizi, picha au hati, liwe na nakala mahali pengine. Serikali ina sheria zake na kampuni zina programu zao, lakini mkazi wa Mtongwe au Magongo hulindwa kwanza na ada hizi, naye fundi anayezifundisha bila malipo astahili heshima na shukrani zetu.