Hesabu ya Mbiru

Leo chukueni kalamu na karatasi, kwani habari yetu ya kale ina hesabu ndani yake.

Zamani za utawala wa Waingereza kila mtu mume mzima alilipa kodi ya kichwa, tajiri na maskini sawasawa. Gonja, kama Usangi na Mbaga, ilikuwa na mfumwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 baraza la wafumwa wa Upare, kwa kukubaliana na serikali, lilianzisha kodi nyingine ya kupanda kwa kadiri ya mali. Waliiita mbiru, jina la ushuru wa kale waliopewa wafumwa.

Kwa maneno ilikuwa haki: mwenye ng'ombe wengi na alipe zaidi. Lakini nani atahesabu mali? Watu waliambiwa kiasi cha kulipa tu; njia ya kukipata hawakuonyeshwa.

Basi tuseme (mfano huu ni wangu) watu 100 wamelipa. Wengine shilingi 10, wengine shilingi 16. Karani ametangaza: jumla shilingi 1,240. Je, wa 16 ni wangapi?

Mambo mawili hatuyajui, kwa hiyo twahitaji habari mbili. Wa shilingi 10 tuwaite A, wa 16 tuwaite B. Habari ya kwanza ni ya watu: A + B = 100. Ya pili ni ya fedha: 10A + 16B = 1,240. Hii huitwa milinganyo miwili. Ukiwa na mmoja tu, utabahatisha mpaka jua litue.

Sasa tazama. Kama wote wangalilipa 10, zingalipatikana shilingi 1,000. Zimezidi 240. Kila mtu wa B ameongeza 6. Gawa 240 kwa 6: B ni 40, na A ni 60. Hakikisha: 600 na 640 ni 1,240.

Hesabu za namna hii ni za kale. Wachina, yapata miaka 2,000 iliyopita, waliandika kitabu chenye maswali ya miganda ya nafaka za daraja tatu zilizochanganywa, wakapata mavuno ya kila mganda kwa milinganyo mitatu.

Lakini angalieni, ndugu zangu. Tumejua kuwa watu 40 walilipa 16. Hatukujua kama walistahili. Jumla ya karani yaweza kuwa sahihi kabisa, na mjane wa watu akawa amewekwa daraja lisilo lake.

Hilo ndilo lililowakasirisha Wapare. Januari 1945 maelfu walitembea kwa miguu hadi Same, makao ya Bwana Shauri, wakapiga kambi huko. Hawakukataa kodi, walitaka iwe ya kiwango kimoja, ambayo kila mtu aijua. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliandamana, maana waume zao hawakuwa nyumbani na kazi zote ziliwaelemea wao. Mwaka 1947 mbiru ikaachwa.

Swali la nyumbani. Mwenye duka Gonja Maore amechanganya mchele wa shilingi 2,000 kwa kilo na wa shilingi 2,800. Mchanganyiko ni kilo 40, thamani yake shilingi 92,000. Kila aina ni kilo ngapi? Andikeni milinganyo yote miwili kwanza, ndipo mhesabu. Kwaherini.