Kahawa ya Uganda: Baridi Mbili na Somo la Mpakani

Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliteketeza mashamba ya kahawa nchini Brazil, hasa katika jimbo la Paraná. Kwa kuwa Brazil ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuuza zao hilo, bei ilipanda mfululizo, na mwaka 1977 ikavuka dola 3 za Marekani kwa ratili. Kwa mkulima mdogo wa Uganda habari hiyo ilistahili kuwa neema. Haikuwa hivyo.

Mkulima huyo hakuwa na ruhusa ya kuuza kahawa yake ng'ambo. Bodi ya Kahawa iliyoundwa na serikali ya kikoloni mwaka 1959 iliendelea kuwapo baada ya uhuru, na mamlaka yake yakazidi. Hata wakulima wa Mlima Elgon, waliokuwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu tangu mwaka 1954, walifungwa na bei iliyopangwa Kampala. Bei ya dunia ilipopanda, aliyelima alipata sehemu ndogo tu, tena mara nyingi baada ya kungoja sana.

Utawala wa Idi Amin uliongeza dhiki. Baada ya kufukuzwa Waasia mwaka 1972, maduka yalibaki matupu na malori yakakosa vipuri. Shilingi aliyolipwa mkulima haikununua sabuni, chumvi wala sukari. Uganda, isiyo na bandari, ilitegemea reli ya kwenda Mombasa. Na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la reli likagawanyika.

Basi kahawa ikatafuta njia yake yenyewe. Ilivuka usiku vichwani mwa watu na migongoni mwa punda hadi Chepkube, upande wa Kenya, ambako soko lilifurika wanunuzi wenye fedha taslimu. Nyingine ilipita ziwani kwa mitumbwi.

Jibu la Amin lilikuwa bunduki. Amri ya mwaka 1975 iliunda mahakama za kijeshi za makosa ya uchumi, na adhabu yake iliweza kufika kifo. Kikosi cha kuzuia magendo kiliwekwa ziwani chini ya Bob Astles. Hata hivyo magendo hayakukoma, kwani miongoni mwa wakubwa wa jeshi walikuwamo waliofanya biashara hiyo hiyo. Kahawa ya taifa ilisafirishwa kwa ndege, na ndege zikarudi Entebbe kutoka Stansted, Uingereza, zikiwa na wiski na anasa za kuwaridhisha askari. Aliyebeba debe moja alihatarisha maisha yake. Aliyepakia ndege alipigiwa saluti.

Amin aliangushwa Aprili 1979, lakini ukiritimba wa Bodi uliendelea hadi mwaka 1991, soko lilipofunguliwa. Mwaka 1994 baridi iliipiga Brazil tena, na bei ikapanda tena. Safari hii wanunuzi walishindana vijijini, na sehemu kubwa ya bei ikamfikia mkulima. Kweli, matatizo hayakwisha: bei ya dunia ilipoporomoka miaka michache baadaye, hapakuwa na wa kumkinga, na mlanguzi bado alijua zaidi yake habari za soko. Ila sababu kuu ya kubeba gunia gizani ilikuwa imepungua.

Historia hii yamhusu kila askari na polisi alindaye mpaka wa nchi yoyote. Sheria ya forodha ni sheria, na mlinzi hana budi kuitii na kuisimamia. Lakini bunduki haiwezi kuziba ufa uliofunguliwa na bei isiyo ya haki, na mlinzi anayekula pamoja na mlanguzi mkubwa hana uso wa kumkamata mdogo. Mkulima akilipwa haki yake kwa wakati, na askari akibaki safi, mpaka hupata walinzi wawili.