Mchakamchaka wa Wazee

Kizazi chetu kilikimbizwa tangu zamani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na mchakamchaka ukawa wa kambini na wa shuleni pia: alfajiri, miguu pekupeku, vumbi, kiranja akianzisha wimbo nasi tukiitikia. Kwetu aliyechelewa alichapwa. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akaagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Fimbo haipo sasa. Ipo sukari, ipo presha, na wapo wajukuu. Hapa Temeke kikundi cha jogingi kikipita, vijana hupaza sauti, “Shikamoo bibi, twende!” Goti langu halijaulizwa. Natoka, ila fulana yao sinunui.