Chief ni nani hasa?

Hebu hesabu leo umeitwa chief mara ngapi. Makanga wa matatu ya Karatina: "Ingia chief, tunabakisha wawili." Kinyozi: "Pande tunapunguza, chief?" Jamaa wa mutura ukimlipa: "Shukrani chief." Mlinzi mlangoni: "Inua mikono kidogo, chief." Hakuna hata mmoja wao anajua jina lako. Hilo neno limekuwa kama chumvi, linaingia kwa kila sufuria.

Sasa enda kwa shosho yangu huko Tetu umwambie, "Shosho, chief yuko hapo nje." Ataweka viazi chini na atauliza kitu kimoja: "Anataka nini?" Kwake yeye chief hatembei bure. Chief akija, kuna kitu kinatoka nyumbani.

Mimi naitwa chief nafurahi, shosho akisikia chief anafunga mlango. Na si kwamba shosho ana woga. Ana kumbukumbu. Kati yangu na yeye kuna zaidi ya miaka 120 ya historia ya huku mlimani, na hiyo historia iko ndani ya hilo neno. Wacha tulifungue.

Tuanze na mizizi. Waingereza walilitoa kwa Kifaransa, Wafaransa wakalitoa kwa Kilatini, caput, maana yake kichwa. Neno chef ni ndugu yake wa damu, kwa hivyo mpishi wa hoteli na mzee wa kupiga mhuri ni familia moja. Captain na capital wamo. Na zile kabichi zinajazwa kwa malori Karatina? Cabbage pia ilitoka kwa neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kichwa. Sisemi kitu kuhusu viongozi na kabichi. Nimenyamaza.

Kiingereza kikampa jina hilo kila mtu aliye juu: Chief Justice, Commander-in-Chief, chief guest, Chief Scout. Sasa angalia Kiswahili kilifanya nini. Chief Justice ni Jaji Mkuu. Commander-in-Chief ni Amiri Jeshi Mkuu. Chief guest ni mgeni wa heshima. Kwa wote, hilo chief lilipewa neno la Kiswahili, tena la heshima. Mmoja tu ndiye alibaki na neno la mgeni, likapakwa rangi kidogo tu: chifu. Yule wa lokesheni, mwenye kofia na kaki.

Kwa nini yeye peke yake? Si eti tulikosa maneno. Kiswahili kilikuwa na mkuu, kilikuwa na jumbe, kilikuwa na liwali. Kikuyu kilikuwa na muthamaki. Maoni yangu ni kwamba hatukutumia haya maneno kwa sababu watu waliona hii kazi si ile wanayoijua. Hii ni kazi mpya.

Muthamaki alikuwa nani? Ni mtu ambaye wenzake walimkubali kwa sababu anajua kusema na anajua kuamua kesi. Lakini hakuamua peke yake. Kulikuwa na kiama, baraza la wazee, na mambo yalizungumzwa hadi watu wakubaliane. Hakukuwa na mtu mmoja wa kusimama Nyeri na kuamuru ridge zote. Ukitaka kutawala watu kama hao kwa haraka, una shida. Utamtuma nani akusanye kodi?

Mwaka wa 1902 ndio Waingereza walianzisha kituo chao Nyeri, baada ya msafara wa kijeshi uliochoma na kuua. Mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kuteua wakuu wa vijiji. Unaona mpangilio? Bunduki kwanza, halafu cheo. Waliochukuliwa mara nyingi ni watu ambao tayari walikuwa wameshirikiana nao. Huku Nyeri alikuwa Wang'ombe wa Ihura. Murang'a alikuwa Karuri wa Gakure, na chini yake akawekwa mwanamke, Wangu wa Makeri, aliyetawala Weithaga hadi 1909. Zile hadithi za Wangu kukalia migongo ya wanaume sote tumezisikia. Lakini ukiondoa vichekesho, unabaki na hii: cheo chake kilitoka juu, na kazi yake ilikuwa ile ya wenzake wanaume.

Na kazi yenyewe? Kukusanya kodi ya nyumba. Kutafuta vijana wa kuchimba barabara na kwenda kufanya kazi kwa mashamba ya walowezi. Baadaye, kipande kikishaletwa, kile cha kuvaliwa shingoni, kuhakikisha hakuna mwanaume anayetoroka. Harry Thuku alipopata wafuasi wengi hadi akakamatwa mwaka wa 1922, mojawapo ya mambo aliyowalaumu machifu nayo ni kulazimisha wanawake na wasichana waende kazi za mashamba. Muthamaki alisemea watu kwa wengine. Chifu alisemea serikali kwa watu. Mdomo uligeuzwa ukaangalia upande mwingine. Hapo ndipo kila kitu kilibadilika, kwa maoni yangu.

Tukifika miaka ya 50, Nyeri ilikuwa imejaa machifu wa kila aina. Kwa makaburi ya kanisa la St Peter's amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki 1941. Kwa jiwe lake ameandikwa Chief Scout of the World. Hii aina ya chief watoto waliipenda duniani kote. Hata ile timu ya Travis Kelce, Kansas City Chiefs, ilipata jina kutoka kwa meya wa huko aliyeitwa The Chief, na hilo jina la utani alilipata kwa skauti. Kwa hivyo ukivaa ile jezi ukipita hapo makaburini, uko nyumbani kuliko unavyodhani.

Lakini tarehe 7 Oktoba 1952 Senior Chief Waruhiu alipigwa risasi Kiambu. Tarehe 20 hali ya hatari ikatangazwa. Tarehe 22, huku kwetu Nyeri, Senior Chief Nderi aliuawa na umati alipoenda kuvunja mkutano wa kiapo. Mwaka uliofuata akaja Jenerali Erskine na cheo cha Commander-in-Chief wa Afrika Mashariki. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa huku mlimani walitolewa bomani kwao wakafungiwa kwa vijiji zaidi ya 800, na mitaro na walinzi. Shosho alikuwa msichana mdogo ndani ya kimoja. Anachokumbuka ni filimbi asubuhi na mama yake akienda kuchimba mtaro bila malipo. Na chifu akiwa upande wa filimbi.

Halafu Oktoba 1956 Dedan Kimathi alikamatwa huko Tetu, kijeraha mguuni. Alihukumiwa kifo papa hapa Nyeri. Aliyekuwa kwa kiti cha hakimu ni Sir Kenneth O'Connor, na cheo chake unakijua tayari: Chief Justice. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mji mdogo hivi, ndani ya miaka kama 15, ulikuwa na chief wa kuzikwa kwa heshima, chief wa kuuawa na chief wa kuhukumu. Wote kwa neno moja.

Ungedhani uhuru ukija hili neno litapumzika. Tanzania walifanya hivyo: 1963 walifuta kabisa utawala wa machifu. Na kumbuka kule chifu ni kitu kingine, ni mtawala wa jamii yake kama Mkwawa wa Wahehe. Ukivuka Namanga neno ni lile lile, mtu ni tofauti. Sisi tuliweka bendera mpya na tukaacha chifu pale pale. Ile sheria ya mamlaka ya machifu ya 1937 iliendelea kuishi. Ilimpa nguvu juu ya mikutano yako, pombe yako, hata kukulazimisha kazi. Ilipunguzwa makali 1997 kwa mageuzi ya IPPG, yaani miaka 34 baada ya uhuru. Wazazi wetu wengi walikulia chini ya sheria ya mkoloni na wakaambiwa wako huru.

Sasa hii ya "sema chief" ilitoka wapi? Marekani na Uingereza pia mwanaume usiyemjua unaweza kumwita chief, hiyo si siri. Lakini huku kwetu naona kuna kitu zaidi. Tunafanya hivyo na kila cheo kinachotukalia. Mheshimiwa, mkubwa, bosi, senior, jenerali, zote tumezigawa steji kama njugu. Cheo ambacho huwezi kukifikia, unakipea kila mtu bure hadi kinaisha nguvu. Ni mzaha, lakini mzaha wenye akili.

Ila haujafika kila mahali. Umeshawahi kusikia makanga akiita msichana chief? Ni siste, ni mrembo, ni madam. Na hii ni milima iliyotoa Wangu wa Makeri 1902, na Martha Koome wa Meru ambaye tangu 2021 ndiye Chief Justice, wa kwanza mwanamke. Tunagawa cheo bure na bado tunachagua wa kumpa.

Na mzaha wenyewe unaisha ukifika kwa mlango wa ofisi. Kitambulisho cha kwanza, fomu inapita kwa chifu au naibu wake. Basari, barua ya chifu. Nikiwa chuo nilifuata barua moja mara 4. Mara mzee yuko mkutanoni, mara mhuri umefungiwa ndani, mara "kijana, hata chai?" Tarehe ikapita. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya mhuri, sababu zilikuwa nyingi. Lakini ule mhuri ulikuwa mojawapo, na najua wasomaji wangu wengine wako kwa hiyo foleni wiki hii. Wako machifu wazuri, ambao huandikia mtoto wa mjane barua usiku na hawaulizi kitu. Shida ni kwamba ukipata mzuri ni bahati, na elimu ya mtu haifai kuwa bahati.

Kwa hivyo endeleeni kuitana chief, mimi sitaacha. Lakini kabla hujamwita mtu hivyo kwa maana kabisa, awe wa ofisi, wa bunge au wa kanisa, muulize swali la zamani: wewe unasemea nani? Akisema anatusemea sisi kwa wale wa juu, huyo ni muthamaki, hata kama anaendesha boda. Akisema ametumwa na wa juu kuja kwetu, mfanyie kama shosho. Weka viazi chini, uliza anataka nini.