Teosofia ni nini? Chimbuko na imani za wanaosema dini zote zina shina moja

JUMAPILI asubuhi katika mtaa wa Huruma, mashariki mwa jiji la Nairobi, ngoma za Wakorino wenye vilemba vyeupe hushindana na vipaza sauti vya makanisa ya kipentekoste, ilhali upande wa Kiamaiko, penye soko la mbuzi, Waislamu nao huitikia adhana. Kila kundi hushikilia kwamba njia yake ndiyo imfikishayo mja kwa Mola wake. Ukifuata barabara ya Juja hadi Pangani, kisha ukaelekea Parklands, utakuta makao ya chama kidogo kisicho na mchungaji wala imamu, ambacho hufundisha kwamba dini hizo zote ni matawi ya mti mmoja. Wafuasi wake ni Wateosofia, jina ambalo si rahisi kulisikia likitajwa Eastlands.

Neno teosofia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: theos, yaani Mungu, na sophia, yaani hekima. Lilitumiwa tangu kale na wanafalsafa, na baadaye na Wakristo waliotafuta kumjua Mungu kwa njia ya ndani, mathalan Mjerumani Jakob Böhme. Hata hivyo, anayelitaja leo kwa kawaida huwa na maana ya mafundisho ya Chama cha Teosofia, kilichoasisiwa jijini New York, Marekani, mwaka 1875.

Waasisi wakuu walikuwa watatu. Helena Petrovna Blavatsky alizaliwa mwaka 1831 katika ukoo wa makabaila wa Urusi, kwenye mji ambao leo ni Dnipro nchini Ukraine. Henry Steel Olcott alikuwa kanali na wakili, naye William Quan Judge alikuwa wakili kijana mzaliwa wa Ireland. Olcott ndiye aliyekuwa rais na mpangaji wa mambo, lakini mafundisho yenyewe yalitoka kwa Blavatsky, mwanamke mwenye maneno makali aliyedai kuwa amesafiri hadi Tibet na kufundishwa na walimu wenye hekima isiyo ya kawaida, aliowaita Mahatma.

Mwaka 1879 Blavatsky na Olcott walihamia India, na kufikia mwishoni mwa 1882 walikuwa wamepata makao huko Adyar, kando ya mji wa Madras ambao sasa ni Chennai. Makao makuu ya chama yapo huko hadi leo. Uhamisho huo ulikuwa na maana kubwa. Wakati ambapo wamishonari na watawala wa Kiingereza waliwahimiza Wahindi waone haya kwa dini zao, hawa walikuwa Wazungu waliokuja kuketi kama wanafunzi. Annie Besant, Mwingereza aliyekiongoza chama kuanzia 1907 hadi 1933, alifungiwa na serikali ya kikoloni kwa kudai India ijitawale, na mwaka 1917 akawa rais wa Indian National Congress. Hata Mohandas Gandhi alipokuwa mwanafunzi wa sheria jijini London, ni Wateosofia wawili waliomshawishi asome Bhagavad Gita, kitabu cha dini yake mwenyewe ambacho alikuwa hajawahi kukisoma.

Sifa ya Blavatsky haikubaki bila doa. Barua zilizosemekana kutoka kwa Mahatma zilichunguzwa na Society for Psychical Research ya London, na ripoti yake ya mwaka 1885 ikamwita mama huyo laghai. Jarida la chama hichohicho lilichapisha mwaka 1986 makala ya mtaalamu wa hati, Vernon Harrison, aliyeonyesha kwamba uchunguzi ule wa awali ulikuwa na kasoro nyingi. Hilo halikuthibitisha kwamba Mahatma walikuwapo. Lilionyesha tu kwamba mwendesha mashtaka naye alikosea.

Kujiunga na chama hakumlazimu mtu kuacha dini yake wala kukiri imani yoyote, mradi akubali malengo matatu: kuujenga udugu wa wanadamu wote bila kubagua rangi, dini, jinsia wala tabaka, kuhimiza ulinganishaji wa dini, falsafa na sayansi, na kuchunguza kanuni za maumbile zisizojulikana pamoja na uwezo uliojificha ndani ya binadamu.

Ama kuhusu mafundisho yenyewe, ambayo Blavatsky aliyaeleza kwa kirefu katika The Secret Doctrine mwaka 1888, msingi wake ni kwamba vyote vilivyopo vina asili moja isiyoelezeka. Teosofia haimsadiki Mungu aliye kama mtu, mwenye kukasirika na kupatanishwa. Ulimwengu hutokea, hukua na kutoweka kwa mizunguko, jinsi usiku unavyofuata mchana. Binadamu naye ana sehemu saba, mwili ukiwa wa chini kabisa na roho ikiwa ya juu. Sehemu za chini huoza baada ya kifo, na ile ya kudumu hurudi kuzaliwa upya, mara nyingi, hadi ikamilike. Kinachoamua jinsi itakavyorudi ni karma, kanuni ya tendo na matokeo yake. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mteosofia huongeza kwamba huenda akakiingia katika maisha yajayo.

Hapo ndipo penye ugumu, na Huruma inaudhihirisha vyema. Usiku wa Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la orofa sita liliporomoka katika mtaa huo na kuua takriban watu 50. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai siku ya nne. Maafisa walisema jengo hilo lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa, lakini wapangaji waliendelea kuishi humo. Je, waliofukiwa walikuwa wakilipa madeni ya maisha yaliyopita? Anayejibu ndiyo humwondolea mwenye nyumba na mkaguzi lawama.

Blavatsky hakukubali karma igeuzwe kisingizio cha kukunja mikono. Katika kijitabu The Voice of the Silence cha mwaka 1889, alifundisha kwamba kuacha kutenda huruma ni sawa na kutenda dhambi kubwa, na kwamba nafsi iliyofikia ukombozi hukataa kuuingia ili ibaki kuwasaidia wengine. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, halijibu yote, kwa kuwa bado linamwachia yatima dhana kwamba msiba wake una sababu ndani ya nafsi yake.

Ugumu wa pili unahusu udugu wenyewe. Chama kilichoapa kutobagua rangi kilirithi pia fundisho la jamii saba za wanadamu zinazofuatana, ya tano ikiitwa ya Kiaria, huku baadhi ya mataifa yakielezwa kuwa masalia ya jamii zinazofifia. Wateosofia wa leo hutetea kwamba maneno hayo yanahusu hatua za ukuaji wa binadamu wote. Pamoja na hayo, waandishi kadhaa wa Austria na Ujerumani waliyachota wakayatumia kujengea chuki ya rangi.

Katika Afrika Mashariki, teosofia ilikita mizizi hasa miongoni mwa Waasia. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: Wazungu vilimani magharibi, Wahindi sehemu za Ngara na hatimaye Parklands, Waafrika Eastlands, walikotakiwa kubeba kipande. Huruma yenyewe ilijengwa baada ya uhuru, lakini upande huohuo wa jiji. Kwa hivyo udugu usiobagua ulihubiriwa ndani ya mipaka iliyochorwa na ubaguzi.

Tena kuna shaka ya ushetani. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, na ripoti yake, iliyowasilishwa bungeni mwaka 1999, iliyataja hata madhehebu kadhaa ya Kikristo kuwa milango ya ibada hiyo. Katika hali kama hiyo, chama kinachozungumzia siri na nguvu zilizojificha hakikosi kunyoshewa kidole, na Blavatsky aliwapa wapinzani silaha alipoanzisha jarida London mwaka 1887 na kuliita Lucifer. Kwa Kilatini neno hilo ni mleta nuru, nalo lilikuwa jina la Zuhura, nyota ya alfajiri. Yeye mwenyewe alieleza hivyo tangu toleo la kwanza. Alifariki mwaka 1891, na miaka sita baadaye jarida hilo likabadilishwa jina na kuwa The Theosophical Review.