Unataka Kutengeneza App ya Makumbusho? Hizi Hapa Rada 5

Umewahi kuzunguka makumbusho kubwa mpaka miguu ikakuuma, halafu ukifika mtaani mabeshte wanakuuliza kama uliona kile kitu maarufu, na hukukiona? Inaboo! App poa ingekuokoa. Kama wewe ni msee wa kuunda app, cheki hizi:

1. Sahau GPS
Ndani ya jengo, kuta na dari huzuia mawimbi ya satelaiti, na GPS haitakuambia vizuri uko ghorofa gani. American Museum of Natural History kule New York ilitoa app yake, Explorer, mwaka wa 2010, ikatumia Wi-Fi kujua mgeni yuko wapi. Mwaka wa 2016 waliisuka upya kwa vifaa vidogo vya Bluetooth. Simu hupima nguvu ya mawimbi ya vifaa hivyo na kukadiria ulipo.

2. Choo kwanza
Usicheke. Mgeni aliyebanwa hana haja na historia. Choo, mkahawa na mlango wa kutokea viwe ukurasa wa kwanza.

3. Muulize ana muda gani
Mwenye dakika 45 usimpe ziara ya saa tatu. Pale Nairobi National Museum, mtu wa haraka mpeleke moja kwa moja kwa Turkana Boy, mifupa ya karibu miaka milioni 1.5 iliyopatikana Nariokotome mwaka wa 1984. Kisha mpitishe uani kwa sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa 1974.

4. Si kila mtu ana simu ya doo mob
App ikiwa nzito, wasee hawataipakua. Ramani ifanye kazi bila data na isimalize chaji. Weka Kiswahili. Na anayetumia kiti cha magurudumu aonyeshwe lifti, si ngazi, la sivyo umemfungia nje ya makumbusho yenu.

5. Jaribu na wageni wenyewe
Mpe mtu simu, mwambie atafute kitu kimoja, halafu wewe nyamaza. Akisimama katikati ya ukumbi akizungusha simu, kosa ni lako, si lake. Rudi urekebishe.

Mwisho kabisa, usijaze video na maandishi kila mahali. Mgeni amelipa kuona vitu, si kuinamia skrini. Akishafika, app inyamaze.

Wewe ungeongeza nini hapo?